Kushusha Gari la Spoti: Springi, Shokapu na Usalama wa Waliomo Ndani

Magari ya spoti yaliyotumika Japani yamezagaa katika miji yetu, kuanzia Dar es Salaam na Tanga hadi Mombasa na Nairobi. Aghalabu gari huteremka bandarini likiwa kama kiwanda kilivyolitengeneza, na haupiti muda mrefu kabla kijana wa nyumbani hajaanza kusema kwamba lipo juu mno, kwamba pengo lililopo baina ya tairi na fenda linaliharibu sura, na kwamba likishushwa kidogo litakata kona vizuri zaidi. Kwa baba anayetoa fedha, ombi hilo huonekana kuwa la urembo tu. Kwa kijana ni jambo la heshima mbele ya wenzake.

Lakini gari hilo hilo ndilo linalowapeleka wadogo zake madrasa, ndilo litakalomkimbiza mama hospitali usiku wa manane, na ndilo litakalopakia familia nzima na mizigo yake kwenda kwa babu siku ya Idi. Kwa hiyo kubadili springi si suala la dereva peke yake. Ni uamuzi unaowagusa wote wanaokaa katika viti vile, na hao wana haki ya kujua wanachobadilishiwa.

Ili maelezo yetu yasielee hewani, tutachukua mfano wa Subaru Impreza, hususan zile za miaka ya 2000 hadi 2007, kwa kuwa ni nyingi barabarani na mafundi wengi wanazifahamu. Mengi ya tutakayoyasema yanahusu pia magari mengine yenye muundo kama huo.

FAIDA NI KIASI GANI?

Hebu tuanze na madai yenyewe. Gari linapokata kona, uzito wake huhamia upande wa nje. Magurudumu ya ndani hupungukiwa na mzigo na ya nje huongezewa. Kadiri kitovu cha uzito kinavyokuwa juu, ndivyo uhamisho huo unavyokuwa mkubwa. Ni kweli basi kwamba gari lililo chini hutulia zaidi. Swali ni: kwa kiasi gani?

Tuseme gari lina uzito wa kilo 1,400, kitovu chake cha uzito kipo sentimita 55 kutoka ardhini, na upana baina ya magurudumu ya kushoto na kulia ni mita 1.5. Katika kona kali ambayo nguvu ya kuvuta upande ni nusu ya uzito wa gari, mzigo unaohama ni kama kilo 257. Sasa tulishushe gari hilo sentimita 3. Mzigo unaohama utakuwa kama kilo 243. Tofauti ni kilo 14, yaani takriban asilimia 5.

Hiyo ni faida, lakini ni faida ndogo. Tairi jipya lenye mpira mzuri, likijazwa upepo sahihi, laweza kuleta tofauti kubwa kuliko hiyo. Tena Impreza ina injini ambayo pistoni zake zimelala kulia na kushoto badala ya kusimama, kwa hiyo uzito wa injini tayari upo chini. Wahandisi walikwisha kuishusha kabla ya kijana wetu kufikiria kufanya hivyo.

Ipo pia hoja ya mashindano. Vijana hutaja ushindi wa Subaru katika mashindano ya dunia ya rali: Colin McRae mwaka 1995, Richard Burns mwaka 2001 na Petter Solberg mwaka 2003. Ushindi huo ni wa kweli. Lakini timu za rali hazitumii springi za aina moja kila mahali. Katika barabara za lami gari hushushwa, na katika barabara za vumbi na mawe huinuliwa. Waliokuja Kenya kushindana katika Safari Rally walijua kwamba barabara za huku zinataka gari lenye nafasi chini na shokapu zenye mwendo mrefu. Anayetaka kuwaiga mabingwa hana budi kwanza kuitazama barabara atakayopita.

SPRINGI NA SHOKAPU HAZIFANYI KAZI MOJA

Watu wengi huvichanganya vitu hivi viwili. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Gurudumu likipanda tuta, springi hubonyea na kuhifadhi nguvu ile. Likivuka, springi huirudisha. Kama kungekuwa na springi peke yake, gari lingeendelea kurukaruka kama kitanda cha watoto.

Shokomzoba, ambayo gereji nyingi huiita shokapu, haibebi gari. Kazi yake ni kuzuia kurukaruka huko. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu madogo, na nguvu ya springi hugeuka kuwa joto. Shokapu iliyokufa utaijua kwa kubonyeza kona ya gari kwa nguvu kisha kuachia. Gari zima hupanda na kutulia. Likipanda na kushuka mara mbili tatu, au ukiona mafuta yamevuja mwilini mwa shokapu, basi kazi imekwisha.

Jambo la kushika hapa ni kwamba vitu hivi viwili hupimwa pamoja. Springi ngumu huhitaji shokapu yenye uwezo wa kuizuia inaporudi. Ukibadili kimoja na kukiacha kingine, umeivunja ndoa iliyofungwa kiwandani.

Kipo na kitu cha tatu ambacho hakitajwi sana: kizuizi cha mpira kilichomo ndani, juu ya fimbo ya shokapu. Kazi yake ni kupokea pigo la mwisho springi inapokuwa imebonyea kupita kiasi. Gari likishushwa, kizuizi hicho husogelewa. Likishushwa mno, gari huwa linakaa juu yake muda wote, na hapo kila shimo humgonga abiria mgongoni. Kibaya zaidi, gurudumu likifika kwenye kizuizi katikati ya kona, ugumu huongezeka ghafla na tairi huweza kuteleza bila onyo.

NJIA ZILIZOPO

Njia ya kwanza ni kukata springi, na kuna wanaozipasha moto ili zilegee. Ni rahisi, na ndiyo maana gereji bubu huipenda. Tunaitaja ili iepukwe. Springi iliyokatwa haikai sawasawa katika kikalio chake, na gurudumu likining'inia katika shimo huweza kuchomoka mahali pake. Springi iliyopashwa moto hupoteza ugumu ambao chuma chake kilipewa kiwandani. Huweza kuendelea kuzama, au kuvunjika siku isiyotarajiwa. Hakuna akiba ya fedha inayostahili hatari hiyo.

Njia ya pili ni kununua springi fupi zilizotengenezwa mahususi kwa gari husika na kuziacha shokapu za zamani. Springi za watengenezaji wanaojulikana, kama Eibach ya Ujerumani au Tein ya Japani, hupimwa kwa kila aina ya gari, na mara nyingi hulishusha kati ya sentimita 2 na 4. Tatizo halipo kwenye springi, lipo kwenye shokapu. Shokapu ya kiwandani ilipangwa kwa springi laini na ndefu. Sasa inalazimika kufanya kazi ikiwa imebonyea nusu, ikizuia springi ngumu kuliko ile iliyoizoea. Kama ina miaka kumi na zaidi, haitadumu. Mwenye gari hulipa mara mbili: leo springi na kufunga, kesho shokapu na kufunga tena.

Njia ya tatu ni kununua springi na shokapu zilizopangwa pamoja na mtengenezaji mmoja, au kwa maelekezo yake. Shokapu za namna hii huwa na mwili mfupi kidogo, ili gari likishushwa bado kubaki mwendo wa kutosha ndani. Hazina vifungo vya kuchezea urefu: gari hushuka kiasi kilichopangwa na kubaki hapo. Kwa gari linalobeba familia, na ambalo mwenyewe ameazimia kulishusha, hii ndiyo njia yenye busara zaidi. Humwondolea kijana kishawishi cha kulishusha zaidi kila mwisho wa wiki.

Njia ya nne ni koilova, yaani springi na shokapu zilizounganishwa katika mwili mmoja wenye hesi, ambapo urefu hurekebishwa kwa kuzungusha pete. Hapa pana tofauti ambayo muuzaji aghalabu haielezi. Koilova nyingine hushusha gari kwa kuteremsha kikalio cha springi peke yake. Kila ukiteremsha, gurudumu hupungukiwa na nafasi ya kupanda kabla ya kugonga kizuizi. Nyingine zina hesi ya pili chini, inayofupisha mwili mzima wa shokapu huku springi ikibaki ilivyo. Aina hii hulinda mwendo wa shokapu, na ndiyo ya kuulizia.

Pamoja na urefu, koilova nyingi zina kifungo cha kuongeza au kupunguza ugumu wa shokapu. Ni kizuri mikononi mwa anayejua. Lakini kukaza ugumu mpaka mwisho hakumaanishi gari limekuwa bora. Katika barabara yenye makorongo, shokapu iliyokazwa mno hulirusha tairi badala ya kulikandamiza, na tairi lililo hewani halina breki wala usukani. Kwa wakazi wa pwani kuna jambo jingine: chumvi ya hewani huziozesha hesi. Zisiposafishwa na kupakwa grisi, baada ya miaka michache pete hazizunguki tena.

Ipo hatimaye njia ya hewa, ambapo mifuko ya mpira huchukua nafasi ya springi na kompresa hulipandisha gari au kulishusha kwa kubonyeza kitufe. Faida yake ni dhahiri: mbele ya tuta gari hupanda. Lakini ni ghali, ina mabomba, vali na nyaya nyingi, na mfuko ukitoboka mbali na mjini safari imekwisha.

PEMBE ZINAZOBADILIKA

Impreza tunayoizungumzia hutumia muundo unaobeba jina la mhandisi wa Kimarekani, Earle MacPherson, aliyeubuni katika miaka ya 1940. Shokapu na springi husimama kama nguzo moja juu ya gurudumu, na chini hushikwa na mkono unaoungana na boljointi. Ni muundo mwepesi na wa bei nafuu, lakini haupendi kushushwa sana.

Sababu ni hii. Kwa kawaida mkono ule wa chini huinama kidogo kuelekea kwenye gurudumu. Gari likishushwa, mkono hulala, na likizidi kushushwa huinuka upande wa gurudumu. Hapo ile nukta ambayo mwili wa gari huegemea unapolala kwenye kona huteremka haraka kuliko kitovu cha uzito chenyewe. Matokeo yake ni kinyume cha yaliyokusudiwa: gari lililoshushwa kupita kiasi huweza kutaka kulala zaidi, na likazuiwa tu na ugumu wa springi. Fimbo za stelingi nazo hubadili pembe, na kila gurudumu likipanda tuta hujigeuza kidogo lenyewe. Dereva huhisi usukani unamvuta bila yeye kuugusa. Zipo boljointi ndefu na ncha za tairodi za kurekebisha hali hiyo, lakini hizo ni gharama nyingine juu ya gharama.

Baada ya kushusha, alaimenti si hiari. Magurudumu hulalia ndani kwa juu, hali inayoitwa kemba, na uelekeo wao wa mbele hupotea. Wengi hulaumu kemba tairi linapokwisha upande wa ndani, ilhali mara nyingi mharibifu mkubwa ni uelekeo: magurudumu yakitazamana au kuachana hata kwa milimita chache, mpira huburuzwa njia nzima. Alaimenti ifanywe kwa magurudumu yote manne, na irudiwe baada ya wiki chache, springi zikishakaa mahali pake.

Taa za mbele zisisahauliwe. Nyuma ya gari ikizama kuliko mbele, mwanga hupanda na kuwapofusha wanaokuja. Mbele ikizama, dereva huona karibu tu. Kuzipanga upya ni kazi ya dakika chache, na huokoa maisha ya watu usiowajua.

HESABU YA SIKU YA SAFARI

Gari lililoshushwa hupigiwa picha likiwa tupu. Familia hulipanda likiwa limejaa. Tupige hesabu nyepesi.

Tuseme kila springi ya nyuma hubonyea milimita 1 kwa kila kilo 3, na gurudumu lina nafasi ya milimita 80 kupanda kabla ya kizuizi. Watoto watatu na mizigo vikiongeza kilo 150 nyuma, kila upande hupata kilo 75, na gari huzama milimita 25. Nafasi inayobaki ni milimita 55.

Sasa weka springi fupi, ngumu kidogo, yenye kubonyea milimita 1 kwa kilo 4, iliyoshusha gari milimita 30. Mzigo ule ule utalizamisha milimita 19. Jumla imezama milimita 49, na nafasi inayobaki ni 31 tu. Springi imeongezwa ugumu kwa theluthi moja, ilhali nafasi imepungua kwa karibu nusu. Shimo ambalo jana lilipita kwa kishindo kidogo, leo litafika kwenye kizuizi.

Chini ya gari nako mambo yamebadilika. Impreza ya kiwandani huwa na nafasi ya sentimita 15 hivi kutoka ardhini. Ikishushwa sentimita 3 na kuzama nyingine 2 kwa mzigo, zinabaki 10. Matuta yetu hayajengwi yote kwa kipimo kimoja, na mengine hujengwa usiku na wananchi wenyewe baada ya mtoto kugongwa. Hapo bomba la moshi na sampu ya mafuta ya injini ndivyo vinavyolipa. Sampu ikipasuka na dereva akaendelea bila kutazama taa ya mafuta, injini nzima hufa.

Kwa hiyo mwenye nia ya kushusha apime kwanza. Apakie watu na mizigo kama siku ya safari, apite njia anayopita kila siku, kisha apime kwa rula nafasi iliyobaki chini ya sampu na ndani ya fenda. Kipimo hicho ndicho kitakachomwambia kama sentimita 2 zinawezekana, au hata hizo ni nyingi.

KUNUNUA NA KUFUNGA

Utaratibu mzuri wa matumizi ni huu. Fedha ya kwanza iende kwenye matairi na breki. Ya pili iende kwenye bushi, boljointi na mauntingi za juu, kwa kuwa katika gari la umri huo mpira umekwisha kukauka. Ya tatu iende kwenye shokapu. Wengi wakifika hapo hukuta kwamba gari limepata utulivu ule waliokuwa wakiutafuta, bila kushushwa hata milimita moja. Shokapu mpya za kiwango cha kiwandani, kama za KYB, pamoja na alaimenti, hulirudisha gari lilivyokuwa Japani, na wengi wetu hatujapata kulionja gari hilo katika hali hiyo.

Anayenunua vifaa vilivyotumika azichunguze shokapu kama anayenunua mnyama: fimbo isiwe na kutu wala mikwaruzo, mwili usiwe na mafuta, na ikibonyezwa irudi kwa ulaini bila kukwama. Vifaa vipya navyo vina viigizo vyake. Bei iliyo chini mno ya kawaida, boksi lisilo na namba ya kifaa, na hesi zilizochongwa vibaya ni dalili za kutosha za kurudi nyumbani na fedha zako.

Kwenye gereji, angalia mambo matatu. Kwanza, springi ibanwe kwa kifaa chake maalumu, si kwa waya au kamba. Springi iliyobanwa sentimita 10 inaweza kuwa imehifadhi nguvu ya kilo 350, na ikifyatuka humwua fundi. Pili, vibadilishwe kwa jozi, kulia na kushoto. Tatu, boliti za bushi zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira wa bushi hubaki umejisokota siku zote na hukatika mapema. Fundi anayelijua hili ni fundi wa kumshika.

Mabadiliko yakishafanywa, kampuni ya bima ijulishwe. Anayenyamaza huweza kukuta fidia yake ina mgogoro siku anapoihitaji.

UAMUZI WA NYUMBA

Mzazi asimkatalie kijana kwa ukali, wala asikubali ili tu apate amani. Amketishe, wapige pamoja hesabu tulizozionyesha, wakilitumia gari lao na barabara yao. Kijana atakayeshika rula na kulala chini ya gari kupima sampu atajifunza zaidi ya yule aliyeambiwa hapana.

Kama gari ni la kijana peke yake, barabara zake ni za lami, na ana fedha za springi na shokapu zilizolingana, alaimenti na taa, basi sentimita 2 au 3 hazina ubaya mkubwa. Kama gari ni moja nyumbani na linabeba wote, shokapu mpya na matairi mazuri yatawapa wote utulivu, na gari libaki katika urefu wake. Na kama fedha zilizopo zinatosha kukata springi tu, basi hazitoshi. Ziwekwe akiba hadi zitakapotosha.